Pale Katuni Inaposimama: Kufundisha Watoto Hesabu kwa Video

Weka katuni ya hesabu mbele ya mtoto wa Darasa la Tatu, atatulia tuli. Utulivu huo ndio unaowahadaa wazazi na walimu wa tuisheni za mtandaoni: macho kwenye skrini, wimbo anaujua, basi somo limeingia. Dakika tano baadaye mpe 53 − 27 kwenye daftari. Akiandika 34, ujue alichokishika ni wimbo.

Jambo hili lina historia. Mwaka 2002 watafiti Barbara Tversky, Julie Morrison na Mireille Bétrancourt walipitia tafiti zilizolinganisha picha zinazotembea na picha tuli katika kufundishia. Walichokuta hakikuwafurahisha mafundi wa katuni: mara nyingi picha zinazotembea hazikuwa na faida yoyote ya ziada, na pale zilipoonekana kushinda, kwa kawaida zilikuwa zimebeba maelezo ambayo picha tuli hazikupewa. Wakaweka masharti mawili ambayo hadi leo hayajachakaa. Kinachotembea kwenye skrini kiendane na kile kinachotakiwa kueleweka, na kitembee polepole na kwa uwazi kiasi kwamba mtazamaji anawahi kukiona.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufungua programu yoyote ni hili: katika mada hii, kuna kitu kinachobadilika? Majina ya maumbo hayahitaji katuni. Picha moja yatosha. Jedwali la kuzidisha la kukariri nalo halihitaji. Lakini kutoa kwa kufungua kumi, sehemu zilizo sawa, mshale wa saa, hatua kwenye mstari wa namba, msambamba unaokatwa pembetatu upande mmoja na kubandikwa upande wa pili ukawa mstatili, hizo ni mada ambazo kiini chake ni badiliko lenyewe. Kitabu kinaonyesha kabla na baada. Kinachomchanganya mtoto kipo katikati, na hapo katikati ndipo video inapolipa gharama zake.

Tuchukue hiyo 53 − 27 na kuitengeneza sekunde kwa sekunde.

Skrini igawanywe juu na chini. Juu kuna vijiti: mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, upande wa kushoto, na vijiti vitatu vilivyo huru upande wa kulia. Chini kuna tarakimu, 5 ikiwa chini ya mafungu na 3 chini ya vijiti huru. Rangi ya makumi iwe moja juu na chini, na rangi ya mamoja iwe moja juu na chini. Bluu na rangi ya chungwa zinafaa. Nyekundu na kijani ziepuke, kwa sababu wapo watoto, hasa wa kiume, ambao macho yao hayazitenganishi, na mara nyingi wenyewe hawajui.

Sekunde 10 za mwanzo hakuna kinachotembea. Sauti inasema tu: “Tuna makumi matano na mamoja matatu. Hamsini na tatu.” Kisha inakuja 27, na mkono unaanza kuchukua mamoja saba. Unachukua kimoja, cha pili, cha tatu, vijiti vimekwisha. Hapo vinatokea vivuli vinne vyeupe mahali ambapo vijiti vingepaswa kuwa. Video inasimama. Mtoto aulizwe: “Bado vinne. Tutavitoa wapi?”

Watengenezaji wengi hurukia hapa moja kwa moja kwenye kukata 5 na kuandika 4, na kijitarakimu kidogo cha 1 kikarukia juu ya 3 kama panzi. Mtoto ameona uchawi. Njia nzuri ni mpira kutoka kwenye fungu moja taratibu, sekunde nne nzima, vijiti kumi vijipange safu mbili za vitano ili vihesabike kwa jicho, ndipo vihame kuvuka kwenda upande wa mamoja. Wakati vinavuka, na si kabla, 5 inakatwa na kuwa 4; vinapofika, 3 inakuwa 13. Tarakimu ifuate vijiti. Ikitangulia, mtoto anajifunza kwamba kuna sheria ya kukata namba, na vijiti ni mapambo tu ya pembeni.

Kisha inakuja hatua ambayo katuni nyingi haziigusi kabisa. Video isimame tena, mtoto aulizwe: “Sasa vijiti vyote ni vingapi?” Wengi watasita. Watahesabu. Wapo watakaosema vimeongezeka, kwa kuwa sasa vijiti huru ni vingi, na wapo watakaosema vimepungua, kwa kuwa fungu moja halipo. Jibu ni 53 ileile: makumi manne na mamoja kumi na tatu. Mtoto asipokubali hili, lile neno “kukopa” tunalolipenda litamsumbua miaka mitatu, maana amezoea kwamba kinachokopwa hurudishwa, na hapa hakuna anayemwona akirudisha. Afadhali kusema “kufungua kumi”.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi: vijiti saba vinaondoka katika 13, vinabaki 6, mafungu mawili yanaondoka katika manne, yanabaki 2. Ishirini na sita. Video nzima haizidi dakika tatu.

Kuhusu kuchagua namba, kuna mtego ambao hata walimu wazoefu hunaswa nao. Namba za mfano zisiwe na tofauti ya 5 kwenye mamoja. Chukua 52 − 27. Mtoto anayegeuza tarakimu, akatoa 2 kwenye 7 kwa sababu “ndogo hutolewa kwenye kubwa”, anapata 35. Mtoto mwingine anayefungua kumi vizuri lakini akasahau kupunguza makumi, anafanya 12 toa 7 ni 5, kisha 5 toa 2 ni 3, naye anapata 35. Makosa mawili tofauti, dawa mbili tofauti, jibu moja. Ukiwa mbali, unaona jibu tu kwenye simu, huwezi kuwatofautisha. Kwa 53 − 27, anayegeuza anapata 34, anayesahau anapata 36, aliyeelewa anapata 26. Swali la kujipima nalo liwe hivyo: 64 − 28 inatoa 44, 46 au 36. Jibu lenyewe linakueleza mtoto amekwama wapi.

Kiswahili chenyewe kina kazi yake

Video nyingi za hesabu zinazowafikia watoto wetu zimetengenezwa kwa Kiingereza na kutiwa sauti ya Kiswahili juu. Zipo zilizozaliwa kwa Kiswahili, na zina tofauti inayosikika. Ubongo Kids, katuni iliyoanza kurushwa na televisheni ya TBC mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, ni mfano unaojulikana na wengi, na tangu mwanzo iliwapa watoto nafasi ya kujibu maswali kwa ujumbe wa simu badala ya kutazama tu. Ukitia sauti ya Kiswahili kwenye katuni ya kigeni, kuna sehemu ambazo maneno yatagongana na picha.

Kwanza kuhesabu. Mtoto wa chekechea amefundishwa “moja, mbili, tatu, nne, tano”. Ukimwonyesha watoto, unasema “wawili, watatu, wanne”. Ukimwonyesha machungwa, “mawili, matatu, manne”. Viti ni “viwili, vitatu, vinne”. Halafu ghafla sita na saba hazibadiliki, nane inabadilika, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa sisi wakubwa hilo halionekani kabisa, lakini anayejifunza kuunganisha neno na idadi kwa mara ya kwanza anasikia maneno mawili ya kitu kimoja. Dawa ni rahisi: katika video za kuanzia tumia vitu vya ngeli ya I-ZI. Ndizi mbili, ndizi tatu. Kalamu nne, nazi tano, sahani nane. Neno la kuhesabia na neno la idadi linakuwa lilelile. Vijiti na machungwa vije baadaye, mtoto akishashika idadi. Kwa mwandishi wa maneno ya video huo ni uamuzi wa dakika moja, na unaokoa wiki.

Pili, makumi. Kumi na moja, kumi na mbili: hapo lugha yetu inamsaidia mtoto, maana kumi inasikika wazi. Lakini ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini zimetoka Kiarabu, na ndani yake husikii mbili wala tatu wala nne. Sitini, sabini na tisini zinasikika tu kwa sababu sita, saba na tisa nazo ni za hukohuko. Mtoto anayesema “arobaini” hana sababu ya kujua kwamba kuna nne ndani yake. Kwa hiyo sauti ya video iseme yote mawili, na kwa mpangilio huu: “makumi manne, arobaini”, huku mafungu manne yakionekana. Baada ya video tano hivi, sehemu ya kwanza inaweza kuachwa.

Tatu, neno “toa”. “Toa 27 kwenye 53” ni Kiswahili safi, lakini 27 imetajwa kwanza, na mtoto anayeandika anachosikia ataandika 27 − 53. Katika video za mwanzo, sauti ifuate mpangilio wa maandishi: “Hamsini na tatu, toa ishirini na saba.” Sentensi ya kinyume iletwe kwa makusudi kwenye video yake peke yake, kama mada.

Nne, “mara”. Mtu akisema “amekuja mara tatu”, tatu ni idadi ya kurudia. Basi “nne mara tatu” kwa sikio la Mswahili ni nne iliyorudiwa mara tatu: sahani tatu, kila moja mandazi manne. Katuni ya Kiingereza inapoandika 3 × 4 mara nyingi inakusudia picha hiyohiyo ya sahani tatu, na mtafsiri anasoma “tatu mara nne”, yaani kwa masikio yetu, tatu iliyorudiwa mara nne. Jibu ni 12 kwa vyovyote, ndiyo maana kosa hili halishtukiwi na mtu. Linajitokeza mtoto anapoambiwa achore picha ya sentensi, au anapofika kwenye kugawanya na lazima ajue 4 ni idadi ya sahani au ya mandazi. Ukiwa na sauti tu ya kubadilisha, acha kusoma alama, sema kinachoonekana: “Sahani tatu, kila moja mandazi manne.”

Saa je? Hapo usitie sauti hata kidogo, tengeneza upya. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, kwetu ni saa tatu. Katuni ya kigeni yenye sauti ya Kiswahili inaonyesha mshale kwenye 3 na kusema “saa tatu”, na mtoto anayeishi Temeke anaujua ukweli: saa tatu asubuhi mama yuko sokoni, na mshale hauko hapo. Katuni inaweza kuonyesha njia nzuri sana kwa mwendo mmoja: mstari unatoka kwenye mshale mfupi, unapita katikati ya saa, unatokea upande wa pili na kugusa namba ya mkabala. Mshale kwenye 9, mkia kwenye 3. Mshale kwenye 8, mkia kwenye 2. Soma mkia. Mshale mrefu usomwe kama kawaida. Watoto wa Waswahili wanaokulia London au Muscat wanahitaji video hii kuliko wote, kwa sababu nyumbani wanasikia saa tisa na simu inaandika 15:00.

Sabuni badala ya pizza

Sehemu zinafundishwa kwa duara kila mahali, na duara ni umbo baya la kuanzia. Kukata chapati vipande vinne sawa ni rahisi; jaribu vitatu au vitano. Mtoto mwenyewe hawezi kuhakikisha kwa jicho kama vipande ni sawa, na usawa wa vipande ndio mada yenyewe. Mche wa sabuni ya kufulia ni bora zaidi: ni mrefu, mnyoofu, na dukani watoto wameshauona ukikatwa na kuuzwa kwa vipande.

Kosa la kuliwinda hapa ni kudhani robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Onyesha miche miwili, mmoja juu ya mwingine, ncha zikiwa sawasawa kushoto na kulia. Kisu kinakata wa juu vipande vitatu, wa chini vinne. Kipande cha kwanza cha kila mmoja kinabaki na rangi, vingine vinafifia bila kutoweka. Hapo simamisha, muulize mtoto angechagua kipi kama angekuwa anafua. Kitu kimoja tu kinaweza kuharibu picha hii, nacho hutokea mara nyingi: kamera ya katuni inasogea karibu na mche wa chini ili “uonekane vizuri”, na robo inaonekana kubwa kuliko theluthi iliyoonekana sekunde tatu zilizopita. Katika video za sehemu, kamera isisogee kabisa. Kitu kizima kibaki na ukubwa uleule mwanzo hadi mwisho.

Jina nalo lina mpangilio wake. Robo na nusu mtoto anazijua kutoka dukani, nusu kilo ya sukari, robo ya mafuta. Theluthi haisikiki dukani kabisa. Anza na robo na nusu kwa majina ya mtaani, kisha “moja ya tatu”, ndipo theluthi. Maneno kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini, yasubiri mpaka mtoto aweze kukata mche mwenyewe kwenye karatasi.

Kutengeneza bila studio

Programu iliyopo kwenye kompyuta nyingi za ofisi inatosha kwa kazi hii. PowerPoint ya matoleo mapya ina mpito unaoitwa Morph: unachora slaidi ya kwanza vijiti vikiwa kwenye fungu, unainakili, kwenye nakala unavisogeza vilipotakiwa kufika, na programu inatengeneza mwendo wa katikati. Tatizo ni kwamba vijiti kumi vinavyofanana huichanganya. Inaweza kukipeleka kijiti cha kwanza mahali pa cha saba, na mtoto anaona vijiti vikipishana kama siafu. Kila kijiti kipe jina linaloanza na alama mbili za mshangao, kama !!kijiti01, !!kijiti02, na jina hilohilo liwepo kwenye slaidi zote mbili. Hapo kila kimoja kinakwenda kwake. Muda wa mpito uweke sekunde tatu hadi nne. Ule wa kawaida ni mfupi mno kwa macho ya mtoto.

Anayejua kuandika programu kwa lugha ya Python anaweza kutumia Manim, zana ya kutengenezea katuni za hesabu iliyoanzishwa na Grant Sanderson kwa ajili ya video zake za hisabati. Ni ya bure, na kwa mistari ya namba na miche ya sehemu haina mpinzani, kwa kuwa vipimo ni vya hesabu kweli, si vya kukadiria kwa mkono. Kwa ndizi na nazi inachosha.

Asiye na kompyuta apige picha mojamoja kwa simu: vizibo vya soda juu ya kitambaa cha rangi moja, simu imelazwa juu ya ndoo mbili na ubao. Picha 6 kwa kila sekunde zinatosha, yaani picha 360 kwa dakika. Bonyeza na ushikilie kwenye skrini mpaka mwanga na ulengaji vifungwe, la sivyo kila picha itakuwa na mwanga wake na video itapepesa. Usipige karibu na dirisha. Wingu likipita, umeharibu nusu saa ya kazi. Taa moja usiku ni bora kuliko jua.

Sauti irekodiwe kabla ya picha, si baada. Sababu ni kwamba mwendo wa picha unapaswa kufuata pumzi ya maneno, na ukianza na picha utajikuta unasoma mbio ili uziwahi. Maneno 80 hadi 90 kwa dakika ni kasi nzuri kwa watoto wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu. Kiswahili kina maneno marefu, na kasi ya mtangazaji wa mpira haifai hapa. Rekodi ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi. Mvua kwenye bati haifutiki kwa programu yoyote, na jogoo ni hivyohivyo.

Usiandike kwenye skrini maneno yaleyale yanayosemwa. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameshughulikia jambo hili kwa miaka mingi: jicho linalosoma maneno haliangalii vijiti. Tarakimu tu zionekane. Vivyo hivyo tumbili anayecheza pembeni, nyota zinazolipuka, na muziki unaoendelea chini ya maelezo. Tumbili ana kazi kabla ya somo na baada yake. Wakati mpira unatoka kwenye fungu, aondoke kabisa.

Na mwandiko wa tarakimu ufanane na wa darasani. Kuna miandiko ya kompyuta ambayo 1 na 7 zinakaribiana, na mingine 4 imefungwa juu wakati mtoto amefundishwa kuiacha wazi. Kwenye simu ya inchi tano, juani, tofauti ndogo kama hizo zinapotea.

Bando, faili na kusimama

Kusimamisha video ndiko kunakobeba somo, lakini ukiweka ukimya wa sekunde tano ndani ya faili moja, ni sekunde tano tu. Mtoto akingoja, zinapita, na jibu linakuja lenyewe. Mtoto hujifunza haraka kwamba ukikaa kimya unajibiwa. Mayer na Paul Chandler walionyesha mwaka 2001, kwa wanafunzi wa chuo waliotazama katuni ya jinsi radi inavyotokea, kwamba waliopewa katuni ileile kwa vipande 16 vya kubonyeza ili kuendelea walitatua maswali mapya vizuri kuliko walioitazama moja kwa moja. Kwa mtoto wa miaka minane hoja ina nguvu zaidi.

Basi gawanya faili kweli. 53 − 27 iwe na faili tatu: 01 inaishia kwenye vivuli vinne, 02 inaishia kwenye swali la “vyote ni vingapi”, 03 inamalizia. Zitumwe kwa WhatsApp moja baada ya nyingine, ya pili ikitumwa mtoto akishajibu ya kwanza kwa sauti au kwa picha ya daftari. Njia hii pia inamwepusha mtoto na video inayofuata yenyewe ikimpeleka kwenye magari ya mashindano.

Ukubwa: pikseli 640 kwa 360, umbizo la MP4 lililobanwa kwa njia ya H.264, picha kwa kilobiti 300 kwa sekunde na sauti ya njia moja kwa kilobiti 48. Hiyo ni takriban MB 2.6 kwa dakika, kwa hiyo somo zima la dakika tatu halifiki MB 8. H.265 inabana zaidi, lakini simu za zamani zinatoa sauti bila picha, na mzazi ataona kosa ni lako. HandBrake, programu ya bure, inafanya kazi hii ya kubana. Rangi bapa zinabanwa vizuri. Majani yanayopepea nyuma na rangi zinazofifia taratibu hula kilobiti na kugeuka vigae vigae.

Kwenye kipindi cha moja kwa moja, kuchezesha video kupitia kushea skrini ni kosa la kawaida kabisa. Picha inabanwa upya ikiwa njiani, mwendo wa sekunde nne unafika kwa mtoto kama picha tatu zilizorukana, na badiliko lenyewe, lile tulilolitengeneza kwa taabu, limepotea. Zoom ina visanduku viwili vya kuweka alama wakati wa kushea, kimoja cha sauti na kingine cha video, na vinasaidia mtandao ukiwa mzuri. Ukiwa dhaifu, tuma faili mapema, mtoto aichezeshe kwenye simu yake, wewe ubaki na sauti na kamera iliyolenga daftari lake. Kamera ya mtoto iangalie mikono, si uso. Uso unaonyesha kama amechoka. Mikono inaonyesha kama ameelewa.

Kipindi cha dakika 40, ambacho pia ndicho kikomo cha Zoom ya bure, kinatosha video moja tu. Dakika tano za kuhesabu vitu halisi, faili ya 01, mazungumzo, vijiti mkononi, faili ya 02, vijiti tena, faili ya 03, kisha maswali manne bila video. Vijiti halisi si hiari. Mtoto aliyefungua fungu la njiti za kiberiti kwa vidole vyake anaitazama katuni kwa macho mengine. Majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kujifunzia, katika vijiji vya Tanga, ambayo zawadi yake iligawanywa mwaka 2019 kati ya timu za onebillion na Kitkit School, yalitumia vishikwambi kwa Kiswahili kwa watoto ambao wengi hawakuwa wakienda shule, na programu hizo hazikuwa za kutazama: mtoto alipewa swali, akagusa jibu, akaendelea.

Kabla ya kutuma video kwa watoto 30, ionyeshe kwa mmoja, bila sauti. Muulize kimetokea nini. Akisema “mpira umetoka, vijiti vimehamia huku”, picha inafanya kazi. Akisema “tumbili ameanguka”, unajua cha kukata. Kisha mwonyeshe na sauti, umpe 64 − 28, usimsaidie.

Majibu ya 64 − 28 yakianza kuingia kwenye kundi la wazazi, yapange kwa namba. Waliopata 36 wapewe 402 − 158, ambayo inahitaji video yake, kwa sababu kwenye makumi hakuna fungu la kufungua na lazima mia ifunguliwe kwanza. Waliopata 44 warudishiwe faili ya 01 na vijiti 64 mezani. Waliopata 46 wanahitaji faili ya 02 tu, isimamishwe pale tarakimu ya makumi inapokatwa, na waulizwe lile fungu moja limekwenda wapi.